Kiungulia na Dawa za Kukizima

Baba mmoja amekula bukari na sombe yenye pilipili nyingi, saa tatu usiku. Ameshiba kabisa, naye analala mara moja. Usiku wa manane anaamka. Kifua kinawaka, na maji machungu yamepanda mpaka kinywani. Anamwambia mkewe, "Mama, moyo wangu unaungua!" Lakini si moyo. Ni kiungulia.

Moto huu unatoka wapi?

Mungu ameweka tumboni mwetu maji makali yanayoitwa asidi. Kazi yake ni kulainisha chakula na kuua vijidudu vingi. Tumbo haliungui, kwa sababu ndani limepakwa ute. Lakini njia ya chakula haina ulinzi kama huo. Mlangoni pa tumbo kuna msuli unaofunga kama kamba ya mdomo wa mfuko. Ukilegea, asidi inapanda na kuunguza.

Dawa ni za namna tatu

1. Dawa za kutuliza asidi iliyokwisha kutoka. Zina magnezi, alumini au kalsiamu. Zinaondoa ukali upesi, lakini msaada wake haudumu. Magnezi inaweza kuharisha. Alumini inaweza kufunga choo.

2. Simetidini na famotidini. Mwili hutuma mjumbe, histamini, kuliamuru tumbo litoe asidi. Dawa hizi zinaziba mlango wake, naye mjumbe hapati pa kuingia. Simetidini ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976.

3. Omeprazoli, iliyoanza kutumika mwaka 1988. Katika ukuta wa tumbo ziko pampu ndogo sana zinazotoa asidi. Dawa hii inazifunga. Pampu huamka wakati wa kula. Kwa hiyo meza dawa dakika 30 au zaidi kabla ya chakula cha asubuhi. Usikate tamaa siku ya kwanza, kwani nguvu yake yote huonekana baada ya siku chache.

Fahamu neno hili: hakuna hata moja kati ya hizi inayokaza ule msuli uliolegea. Kwa hiyo kula kidogo kidogo. Ngoja saa tatu baada ya kula ndipo ulale. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hivi. Acha pombe na tumbako.

Usifiche ugonjwa

Dawa inaweza kuzima maumivu, huku kidonda cha tumbo kinaendelea. Waganga wawili wa Australia, Warren na Marshall, walionyesha kwamba vidonda vingi vinaletwa na kijidudu kimoja. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hicho hakifi kwa omeprazoli peke yake. Zinatakiwa pia dawa za kuua vijidudu. Tena aspirini na ibuprofeni zinaweza kuchubua tumbo.

Njoo hospitali bila kukawia ukiona haya:
– kutapika damu, au choo cheusi kama lami;
– chakula kinakwama kooni;
– mwili unakonda bila sababu;
– maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho.

Yule baba asinunue vidonge sokoni mwezi baada ya mwezi. Kiungulia kikirudi kila juma, aje apimwe. Ni vema kuzima moto. Ni vema zaidi kujua nani anauwasha.