Kuutafuta Ufa Uliojificha Chini ya Bahari

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini ufa wa ukutani huonekana kwa macho. Uko na ufa mwingine uliozikwa chini ya bahari, ambao hauwezi kuzibwa, ila sharti ujulikane mahali ulipo. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, ufa wa namna hiyo ni jambo zito. Mwaka 2010 gesi asilia nyingi iligunduliwa katika bahari iliyo mbele ya Palma. Na Novemba 2022 shehena ya kwanza ilisafirishwa kutoka kiwanda kinachoelea cha Coral Sul, mahali penye kina cha mita 2,000 hivi za maji.

Gesi hiyo hukaa ndani ya mawe ya mchanga, ikifunikwa na tabaka gumu lisilopenyeka, mfano wa kifuniko juu ya chungu. Ufa ukikikata kifuniko hicho, gesi yaweza kuvuja. Kisima kikichimbwa penye ufa bila wachimbaji kujua, tope la kuchimbia laweza kupotelea humo, gesi ikafumka na kuhatarisha maisha ya wafanyakazi.

Tena ardhi ya upande huo haijatulia. Zama za kale sana Madagaska iliteleza kuelekea kusini kwa kufuata mpasuko uitwao Davie. Mwaka 1986 watafiti waliandika kwamba Bonde la Ufa la Afrika Mashariki linaendelea hadi baharini. Na tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6 hivi lilitokea baharini, likatikisa majumba ya Dar es Salaam.

Je, ufa huo hutafutwaje? Mama anunuaye chungu sokoni hukigonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake. Meli za utafiti hufanya vivyo hivyo. Hufyatua hewa iliyoshindiliwa ndani ya maji. Sauti huzama hadi kwenye matabaka ya miamba, na mwangwi wake hurudi kwenye vinasa sauti vilivyofungwa katika nyaya za kilomita kadhaa zikokotwazo nyuma ya meli. Mwangwi wote ukipangwa, hupatikana picha yenye urefu, upana na kina, mithili ya mkate uwezao kukatwa slesi upande wowote. Tabaka zima huonekana kama mstari mmoja. Penye ufa mstari hukatika.

Zamani mtaalamu alizichora nyufa kwa penseli ya rangi, slesi baada ya slesi, kwa muda wa miezi. Mwaka 1995 Wamarekani Bahorich na Farmer walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuulinganisha kila mwangwi na wa jirani yake: zikifanana, tabaka ni moja, zikitofautiana, huenda pana ufa. Baadaye ikabuniwa njia ya kuigiza sisimizi, ambapo wadudu wengi wa kihesabu hutembezwa ndani ya picha, na njia ifuatwayo na wengi huhesabiwa kuwa ufa. Mwaka 2019 Xinming Wu na wenzake waliifunza kompyuta kwa picha 200 za kubuni, ambazo nyufa zake zilijulikana tangu mwanzo. Kisha ikaweza kuzitambua nyufa katika picha za kweli.

Hata hivyo, wepesi si uhakika. Mto Ruvuma umemwaga mchanga na matope baharini kwa mamilioni ya miaka, na mifereji ya kale imezikwa humo. Kingo za mifereji hiyo hukata mistari kama ufa ufanyavyo, na kompyuta yaweza kudanganyika. Aidha, ufa uliosogeza miamba kwa mita chache tu waweza kupita bila kuonekana kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kompyuta ni kuonyesha mahali pa kutazamwa. Hukumu hubaki kwa mwanadamu aijuaye miamba, akiilinganisha picha na vipande vya mawe vilivyotolewa visimani. Nchi yenye hazina ya gesi haina budi kuwa na wataalamu wake wa kuzisoma picha hizo, ili isitegemee macho ya mnunuzi peke yake. Mwenye chungu naye apaswa kujua kukigonga.