Kisukari: Usikate Dawa Nusu



Siku moja, tukitembelea wagonjwa na wenzangu wa kanisani, tuliingia kwa mama mmoja huko Butiama. Ana kisukari. Miguu ilikuwa ikimchoma moto na macho yameanza kuona ukungu. Nilipotazama pakiti yake nikakuta vidonge ambavyo vingekwisha siku nyingi bado vimo. "Sista," akaninong'oneza mumewe asisikie, "nameza kimoja badala ya viwili, vifike mpaka tuuze mihogo. Mtoto anadaiwa shuleni."

Mimi ni muuguzi, lakini pia ni mama, nilimwelewa. Hata hivyo nilimwambia, nawe nakuambia: kukata dawa nusu si kuokoa fedha. Sukari ikikaa juu huharibu polepole macho, figo na mishipa ya miguu. Kidonda kimoja cha mguu kikikulaza hospitali Musoma, fedha ya shule itakwenda huko, pamoja na nauli ya wanaokuuguza. Basi tupunguze gharama, tusipunguze dawa.

Fahamu jina la dawa

Dawa nyingi zina majina mawili. Glucophage, kwa mfano, ni jina la kibiashara. Dawa iliyomo ni metfomini. Boksi jingine lililoandikwa "Metformin" tu, lenye kipimo kilekile, lina dawa hiyohiyo, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe kwenye cheti. Hospitali ya serikali ikiishiwa, ulizia bei katika maduka ya dawa mawili au matatu, Bunda au Musoma, kabla ya kulipa. Usinunue mnadani, wala kwa mtu apitaye na begi.

Wanaochoma insulini

Chupa ya mililita 10, yenye yuniti 100 kwa kila mililita, ina yuniti 1,000. Ikishafunguliwa hutumika kwa muda wa wiki nne hivi tu. Piga hesabu na muuguzi wako ujue zinahitajika chupa ngapi. Insulini ya kalamu kwa kawaida ni ghali kuliko ya chupa. Ulizia kama ya chupa itakufaa, lakini usibadili mwenyewe. Isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu, isigande. Kama huna jokofu, waulize kliniki namna ya kuitunza.

Sema mapema

Usione haya kumwambia daktari, "Dawa hii siimudu." Mara nyingi ipo nyingine ya bei nafuu. Kama hali ni ngumu kabisa, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kwa sera ya Serikali, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bila malipo. Ulizia pia habari za bima ofisi ya kata, kwani Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

Na mumeo ajue. Yule mama wa Butiama alipojipa moyo akasema, mumewe alishangaa. Hakuwa amewahi kuuliza bei ya vidonge. Walikwenda kliniki pamoja. Siku hizi dawa yake imo katika hesabu ya nyumba, pamoja na chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Dada yangu, kusali na kumeza dawa havigombani. Wanao wanakuhitaji ukiwa unaona na unatembea.