Kwa nini kompyuta ya studio huwa nzito: Programu za picha kwenye Linux na dawa ya uzito wake

MPIGA picha mwenye studio ndogo katika Mnyambe, wilayani Newala, hupata riziki yake kwa misimu. Korosho zinapoanza kununuliwa mwezi Oktoba na fedha za minada zikafika mikononi mwa wakulima wa Uwanda wa Makonde, harusi huongezeka, watoto hununuliwa sare na fomu za shule hudai picha za pasipoti. Mteja aliyetoka kijijini kwa bodaboda hayuko tayari kungoja nusu saa kwa ajili ya picha nne. Akiona kompyuta imeganda, hupanda gari kwenda Newala mjini au Masasi, na fedha yake huondoka naye.

Kompyuta zinazofanya kazi katika studio za namna hiyo mara nyingi ni za mtumba, zenye umri wa miaka kumi au zaidi. Tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliposimamisha huduma ya bure ya kuihudumia Windows 10, wamiliki wengi wa mashine za umri huo wamebaki na njia chache: kununua kompyuta mpya, kuendelea na mfumo uliopitwa na wakati, au kuhamia Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Kwa kazi ya picha, wanaohamia huko hukutana na GIMP, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Wanaopiga picha ghafi, yaani zile ambazo kamera haijazichakata, hutumia pia darktable.

Linux si jambo geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kati ya mwaka 2005 na 2011, watu waliokuwa mbali na intaneti ya kasi waliweza kuletewa kwa posta sahani za Ubuntu bila malipo. Lililo geni kwa wengi ni kuutumia mfumo huo kwa kazi nzito ya picha katika mashine dhaifu, na hapo ndipo malalamiko huanzia: programu inachelewa kufunguka, brashi inakokota nyuma ya mkono, na kuhifadhi picha moja huchukua muda wa kunywa chai.

Lawama hutupiwa programu kwanza. Mara nyingi haistahili.

Chanzo kikubwa ni hesabu ambayo macho hayaioni. Picha ya kamera yenye pikseli milioni 24 huonekana kwenye kadi kama faili la megabaiti nane au kumi hivi. Lakini faili hilo limekandamizwa. Likifunguliwa, kila pikseli huhitaji nafasi ya rangi zake tatu, nyekundu, kijani na buluu, na picha hiyo hiyo hujaza megabaiti 72. Ikiongezwa sehemu ya uwazi, kama inavyolazimu mtu anapokata mandhari ya nyuma ili kuweka rangi ya buluu au nyeupe, hufika megabaiti 96 kwa tabaka moja. Mhariri akiiweka picha katika usahihi wa biti 32, tabaka hilo moja hufika megabaiti 384. Sasa aongeze tabaka la pili la mavazi, la tatu la maandishi, na kumbukumbu ya kila hatua inayoweza kutenduliwa. Kompyuta yenye gigabaiti mbili za RAM, ambayo tayari imempa kivinjari cha intaneti zaidi ya nusu yake, haina pa kuiweka kazi hiyo.

RAM inapojaa, Linux haikatai kazi mara moja. Huchukua sehemu ya yaliyomo na kuyahamishia kwenye diski, katika eneo linaloitwa swapu. Diski ngumu ya zamani, yenye sahani inayozunguka, husoma megabaiti mia moja hivi kwa sekunde mambo yanapokuwa mazuri, na chini sana ya hapo inapolazimika kuruka huku na huko. RAM hupitisha maelfu ya megabaiti kwa muda huo huo. Ndiyo maana kompyuta haipungui kasi kidogo kidogo, bali huporomoka ghafla: dakika moja inakimbia, inayofuata imekwama na taa ya diski inawaka bila kuzima.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji fundi. Katika dirisha la amri, mtumiaji huandika "free -h" wakati picha ikiwa imefunguliwa. Wengi hutazama safu ya "free", wakaona namba ndogo na kushtuka. Safu hiyo hupotosha, kwa sababu Linux hutumia kwa makusudi RAM iliyo wazi kuhifadhi yale iliyoyasoma kwenye diski, na huiachia mara inapohitajika. Safu ya kutazamwa ni "available". Ikiwa hiyo imeshuka hadi megabaiti mia moja au mia mbili, na mstari wa swapu unaonyesha matumizi makubwa, ugonjwa umepatikana. Amri ya "vmstat 1" huthibitisha zaidi: safu za "si" na "so" zikiendelea kuonyesha namba kubwa kila sekunde badala ya sifuri, kompyuta inabeba mzigo wake mgongoni kwenda na kurudi kwenye diski.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. GIMP ina swapu yake yenyewe, mbali na ile ya mfumo. Katika menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha System Resources, kuna kipimo kinachoitwa "Tile cache size". Hicho ndicho kiasi cha RAM ambacho programu imeruhusiwa kukitumia kwa picha. Kikiwa kidogo mno, GIMP huanza kuandika faili lake kwenye diski hata kama RAM ya kompyuta bado ina nafasi. Mtumiaji anayesoma mahali fulani kwamba dawa ni kuongeza namba hiyo huiongeza mpaka ikalingana na RAM yote ya mashine, na hapo huangukia shimo la upande wa pili: GIMP hudhani ina nafasi, mfumo wenyewe hukosa hewa, na sasa ni Linux inayoanza kuandika kwenye diski.

Kipimo cha busara kiko katikati. Katika kompyuta ya gigabaiti nne, kuiachia GIMP gigabaiti mbili hivi na kuubakishia mfumo na programu nyingine zilizosalia ni mgawo unaofaa kuanza nao, ilimradi kivinjari kimefungwa. Tangu toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, GIMP ina kidirisha kiitwacho Dashboard kinachoonyesha jinsi nafasi hiyo na swapu yake zinavyojaa kazi ikiendelea. Kidirisha hicho kikiwa wazi pembeni kwa siku moja ya kazi halisi hufundisha zaidi kuliko ushauri wa mtu asiyeijua mashine yenyewe.

Ushauri mmoja unaoenezwa sana unastahili kukataliwa waziwazi: ule wa kuhamishia swapu ya GIMP katika folda ya /tmp. Katika mifumo kadhaa ya sasa, ikiwamo Debian 13 iliyotoka mwaka 2025, folda hiyo kwa kawaida haiko kwenye diski bali imo ndani ya RAM yenyewe. Anayefuata ushauri huo anachota maji kwenye mtungi na kuyamimina humo humo.

Hata hivyo, kwa studio ya picha za pasipoti, tiba iliyo nafuu kuliko zote haihusu mipangilio hata kidogo. Picha ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, huhitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Hizo hazifiki robo milioni. Mhariri anayesafisha uso, anayebadilisha mandhari na kupanga nakala nane juu ya picha ya pikseli milioni 24 anaibebesha kompyuta mzigo unaozidi mara mia ule ambao karatasi itaweza kuuonyesha. Akate kwanza sehemu ya kichwa na mabega, apunguze ukubwa hadi mara mbili ya kipimo cha mwisho ili abaki na akiba, kisha ndipo aanze kuhariri. Hata kompyuta ya gigabaiti mbili itakimbia. Hesabu hiyo hiyo inafaa picha za sentimita 10 kwa 15, ambazo hutosheka na pikseli milioni mbili na ushei. Picha kamili ibaki bila kuguswa katika folda yake, kwa siku ambayo bwana harusi atataka ya kutundika ukutani.

Si kila uzito unatokana na RAM. Kuna studio ambazo kompyuta hufanya kazi vizuri ikishafunguka, lakini GIMP yenyewe huchelewa kuanza. Hapo ni vema kuzitazama fonti. Anayetengeneza kadi za harusi na mabango hukusanya maandishi ya mapambo kutoka kila flashi inayopita mezani, na baada ya miaka michache huwa na maelfu. Amri "fc-list | wc -l" humpa idadi yake. Matoleo mapya ya GIMP huzipakia fonti nyuma ya pazia ili zisizuie programu kufunguka, lakini ya zamani husubiri mpaka fonti ya mwisho isomwe. Kuzihamisha zisizotumika kwenye folda nyingine ni kazi ya mchana mmoja.

Wengine hufungua picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera au flashi na kuzihariri zikiwa humo humo. Mlango wa USB 2.0, uliomo katika kompyuta nyingi za mtumba, hupitisha megabaiti 30 au 40 tu kwa sekunde. Picha zinakiliwe kwanza kwenye diski ya ndani.

Joto nalo lina sehemu yake, na katika uwanda wenye vumbi jekundu la kiangazi sehemu hiyo si ndogo. Feni iliyoziba husababisha prosesa ipate moto, na prosesa iliyopata moto hujipunguzia kasi ili isiungue. Dalili yake ni kompyuta inayokimbia asubuhi na kuchoka baada ya robo saa ya kazi. Programu ya "sensors" huonyesha nyuzi za joto. Zikikaribia 90 au kuzidi wakati wa kazi, kinachohitajika ni brashi laini na kipulizo, si kuweka mfumo upya. Kompyuta ya mkononi inayotumia betri wakati umeme umekatika nayo hupunguza kasi kwa hiari yake.

Kwa watumiaji wa darktable suala hugeuka kidogo. Programu hiyo hukokotoa upya kila badiliko kuanzia picha ghafi, na inaweza kusaidiwa na kadi ya picha kwa njia iitwayo OpenCL. Amri "darktable-cltest" hueleza kama msaada huo umepatikana. Usipopatikana, kazi yote huiangukia prosesa, na vipengele vizito kama "diffuse or sharpen" na vile vya kuondoa chengachenga za picha za usiku vinaweza kuchukua sekunde nyingi kwa kila mguso. Katika mashine ya namna hiyo ni afadhali kuviwasha mwishoni, baada ya mwanga na rangi kukamilika.

Yote hayo yakifanyika na mwendo usibadilike, fedha itumike kwa mpangilio. Mashine yenye diski ya kuzunguka ipewe kwanza diski ya SSD, kwani hata pale RAM inapojaa, kwenda na kurudi kwenye SSD ni kwepesi zaidi kwa mbali. RAM hufuata, nayo ya mtumba hupatikana kwa bei ndogo mradi aina yake ilingane na ya mashine. Kununua kadi ya picha kwa ajili ya GIMP pekee ni kupoteza fedha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi zake hufanywa na prosesa.

Kuna uzito mmoja, hata hivyo, usiopaswa kutibiwa kwa mipangilio wala subira. Ikiwa kompyuta hukwama hata RAM ikiwa na nafasi, katika "top" namba iliyo mbele ya "wa" hupanda juu, na amri ya "sudo dmesg" huonyesha maneno "I/O error", huenda diski yenyewe inakufa. Kukatika umeme ghafla mara kwa mara si rafiki wa diski za zamani. Programu ya "smartctl" husoma taarifa ambayo diski hujiandikia: mistari ya "Reallocated_Sector_Ct" na "Current_Pending_Sector" ikiwa na namba inayoongezeka siku hadi siku, diski imeanza kupoteza sehemu zake. Ndani yake zimo picha za harusi ambazo hazitapigwa tena, na za wazee ambao baadhi yao wamekwisha fariki. Zinakiliwe siku hiyo hiyo kwenye diski nyingine, zile za wateja ambao hawajachukua kazi zao zikitangulia, kabla mtu hajafungua GIMP kujaribu kama leo itakuwa nyepesi.