Jino likishang'oka, kazi ndipo inapoanza
Na Mwandishi Wetu, Kampala

MAMA mmoja mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo, alikuwa ameketi katika chumba cha kusubiri cha kliniki ya meno jirani na Wandegeya. Mkononi alishika karatasi iliyochapwa kwa Kiingereza. Gego lake la chini lilikuwa limeng'olewa dakika chache tu zilizopita na shavu lilikuwa bado lina ganzi.

"Kaka yangu, hii karatasi inasema nini?" aliniuliza kwa Kiswahili, huku akitoa shashi mdomoni ili ateme damu.

Nami nilikuwa pale kwa shida hiyo hiyo, nikingoja zamu yangu. Nilimwomba asiteme, kisha nikamwita muuguzi, ambaye alimpa shashi nyingine safi. Muuguzi alizungumza Kiganda na Kiingereza. Mama alizungumza Kiswahili, Kinande na Kifaransa. Ikanibidi niwe mkalimani. Usiku ule mama alikuwa apande basi kuelekea mpaka wa Mpondwe, safari ya zaidi ya kilomita 400, na maagizo yote yaliyokuwa yamlinde njiani yalikuwa katika karatasi asiyoweza kuisoma.

Saa 24 za kwanza

Jino linapotoka huacha tundu ndani ya mfupa wa taya. Damu huganda humo na kufanya donge, na donge hilo ndilo kifuniko cha jeraha. Linaufunika mfupa na mishipa ya fahamu hadi nyama mpya iote. Karibu kila agizo analopewa mgonjwa lina lengo moja: donge hilo lisitoke.

Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aume shashi kwa nguvu kwa nusu saa hadi saa nzima bila kuchungulia kila mara. Asiteme ovyo wala kusukutua siku ya kwanza. Asile hadi ganzi iishe, maana anaweza kujing'ata mdomo au ulimi bila kujua. Mate yenye rangi ya damu si jambo la kutisha. Damu ikitiririka, akunje shashi safi na kuiuma tena kwa nusu saa. Isipokoma, arudi hospitali.

Mrija nao haufai, kwa sababu kunyonya huvuta donge. Kwetu Uganda hilo si la soda peke yake. Anayekaa kwenye chungu cha malwa na wenzake, kila mmoja na mrija wake mrefu, anajitafutia balaa, na pombe yenyewe pia huchelewesha jeraha kupona. Sigara ni mbaya zaidi. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: matoke yaliyopondwa na kupoa, uji, maharage yaliyosagwa. Kwa uvimbe, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shavuni kwa dakika 10 hadi 20, kisha ipumzishwe.

Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe husaidia kusafisha, hasa baada ya kula. Mswaki uendelee kwenye meno mengine, taratibu.

Niliyaelewa, sikuyafuata

Mimi nilikisoma Kiingereza cha karatasi ile neno kwa neno. Jioni ya siku ya pili, kwa kuwa sikuhisi maumivu, niliketi na marafiki nikanywa soda mbili kwa mrija na kuvuta sigara. Siku ya tatu usiku niliamshwa na maumivu yaliyopanda hadi sikioni, makali kuliko yale yaliyonipeleka kwa daktari. Mdomo ulinuka. Donge lilikuwa limetoka na mfupa ulikuwa wazi. Daktari alilisafisha tundu na kulijaza dawa, nikapata nafuu.

Hali hiyo kwa kawaida huanza siku chache baada ya jino kung'olewa, na huwapata zaidi waliong'olewa magego ya chini na wavutaji wa sigara. Dawa za kuua vijidudu za kununua nusu dozi dukani haziitibu. Hatari kubwa zaidi ni homa, uvimbe unaoshuka shingoni, kushindwa kufungua mdomo, au kumeza na kupumua kwa shida. Huyo hapaswi kungoja asubuhi.

Kabla ya sindano ya ganzi, mweleze daktari kama una kisukari au shinikizo la damu, una mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Baadaye, uliza kuhusu pengo. Likiachwa miaka mingi, meno jirani huweza kuliinamia, na la upande wa pili hurefuka likikosa mwenzake. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu kwa bei. Daraja la meno na jino la kupandikiza ni ghali zaidi.

Lugha ya mgonjwa

Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakiidhinisha kuwa lugha rasmi. Mwezi huo huo, Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Butembo, Goma na Bukavu wanajaa Kikuubo kila wiki. Wanaugua humu, na wanatibiwa humu.

Kwao, mtangamano utapimwa pia kwa karatasi ya nusu ukurasa. Kuichapa upande wa pili kwa Kiswahili hakuhitaji mkutano wa marais. Na wewe msomaji, popote utakapong'olewa jino, usitoke kabla hujaelezwa kwa lugha unayoielewa.

Mama wa Butembo alinipigia simu baada ya siku nne. Alifika salama, na tundu lake lilikuwa linapona vizuri kuliko langu.