Tiba ya Seli Shina kwa Maradhi ya Virusi ya Mapafu: Nini Hukumu Yake?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwani Goziba, wilaya ya Muleba, akaugua baada ya kufika kijijini kwao Bukoba Vijijini. Hadi ulipotangazwa kwisha, Juni 2 mwaka huo, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Marburg haina dawa iliyoidhinishwa. Miaka mitatu kabla, UVIKO-19 uliziweka familia katika dhiki kama hiyo: mgonjwa anapigania pumzi, tabibu hana dawa ya uhakika, na pembeni yupo anayeahidi tiba mpya. Miongoni mwa tiba zilizotajwa sana ni seli shina. Tunaieleza kwa mizani ya fiqhi, kwa kuwa imamu wa kisiwani huulizwa mapema kuliko daktari bingwa.

Seli shina ni chembe za mwili ambazo bado hazijachukua kazi maalumu, na zinaweza kujigawa na kuzaa chembe za aina nyingine. Hupatikana katika uloto wa mifupa, mafuta ya mwili, kitovu na kondo la nyuma, na katika kiinitete cha siku chache. Katika ugonjwa mkali wa mapafu, mara nyingi kinachoua si kirusi peke yake, bali kinga ya mwili iliyopita kiasi, mapafu yakavimba na kujaa maji. Wataalamu walitarajia kuwa seli hizo zikitiwa mshipani zitaituliza kinga hiyo.

Swali la kwanza ni la chanzo. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilipitisha katika kikao chake cha 17, Desemba 2003, kuwa inajuzu kuzichukua kwa mtu mzima aliyeridhia bila kudhurika, na kwenye kitovu au kondo la nyuma kwa idhini ya wazazi. Likaharamisha zinazotokana na mimba iliyotolewa makusudi bila sababu inayokubalika kisharia, na zinazotokana na yai na manii vya wafadhili wasio mume na mke.

Swali la pili ni la manufaa, na hapa wengi huteleza. Wakisikia chanzo ni halali, hudhani tiba imethibiti. Huko Marekani seli hizo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 zaidi ya 200 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Desemba 2020 uandikishaji ulisimamishwa, kwa kuwa ilionekana lengo la kupunguza vifo halitafikiwa. Kinyume chake, deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipojaribiwa Uingereza, matokeo ya Juni 2020 yalionyesha inapunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine kwa kiasi cha theluthi moja. Kabla ya majaribio, zote mbili zilikuwa matumaini tu.

Hatusemi seli shina hazifai kabisa. Upandikizaji wa uloto, ambao ni tiba ya seli shina, umefanyika Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa maradhi ya damu. Lakini dalili ya ugonjwa mmoja haihamishiwi kwa mwingine bila uthibitisho.

Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) aligawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu: za yakini, za dhana yenye nguvu na za kudhania tu. Kwa ushahidi uliopo, seli shina kwa maradhi ya mapafu zimo katika fungu la tatu. Kwa hiyo familia isiyoweza kuzipata haina dhambi wala lawama. Pia haifai kutumia hoja ya dharura kuhalalisha seli za chanzo cha haramu: dharura hufungua mlango pale ambapo haramu hiyo inajulikana kuondoa madhara na halali haipo.

Swali la tatu ni la mali na idhini. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, mwaka 1992, ilishurutisha kuwa utafiti wa tiba usifanywe ila kwa ridhaa ya mtu mwenye akili timamu, pasipo kushurutishwa wala masikini kushawishiwa kwa mali. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara. Basi jaribio halali lina kibali cha NIMR na TMDA, na mgonjwa huambiwa wazi kuwa huenda asipone. Anayemuuzia mgonjwa tiba ya kubahatisha kwa jina la tiba iliyothibiti, anaghushi.

Mvuvi wa Goziba asiuze mtumbwi na nyavu, riziki ya watoto wake, kununua ahadi. Imamu amwelekeze kwenye lililothibiti: kuwahi kituo cha afya, kuongezewa maji na hewa ya oksijeni, na kutengwa na wazima. Sayyidna Umar (r.a.) alirejea kutoka Sargh alipopata habari ya tauni ya Sham, na Abdurrahman bin Auf (r.a.) akamthibitishia kwa Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa nchi yenye tauni haiingiwi, wala aliyemo haikimbii. Kushika hilo ni tawakkul, si udhaifu wa imani.

Wallahu a'lam.