Pesa Yako Iende Kwenye Darubini, Si Getini

Ikifika Oktoba, mbayuwayu wa London wameshafunga safari kuelekea kusini mwa Afrika, na bata wa nchi za baridi ndio kwanza wanatua. Anayetaka kuwaona ana mambo mawili ya kulipia: mahali pa kusimama na kitu cha kutazamia. Wengi hulipa kinyumenyume. Hata mimi nilianza hivyo.

London Wetland Centre kule Barnes, iliyofunguliwa mwaka 2000 palipokuwa na mabwawa ya zamani ya maji ya mji, inatoza kiingilio. Mtu mzima aandae zaidi ya pauni 15. Kuna vibanda vya kujifichia, mkahawa na vyoo. Ukiwa na watoto, au mama mkwe asiyependa matope, lipa bila kinyongo. Walthamstow Wetlands ni bure: mabwawa 10, vibisi, minandi na bata wa kila namna, karibu na stesheni ya Tottenham Hale. Upepo wake tu ndio unaokata masikio. Richmond Park nayo ni bure, na msimu huu madume ya ayala (ndiyo, ayala wa Zaburi) hunguruma na kupigana pembe wakigombea majike. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75.

Sasa darubini. Niliwahi kununua ya pauni 20 iliyojisifu kukuza mara 30. Bata mmoja nikamwona wawili. Tafuta iliyoandikwa 8x42: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10x42 hukuza zaidi, ila mkono ukitetema kidogo picha nzima inacheza. Ya 8x25 inaingia mfukoni, lakini hunasa mwanga kidogo, na saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, jua huzama kabla ya saa 11 jioni. 8x42 mpya ya kuanzia ni kama pauni 100 na ushee. Ya mtumba hushuka chini ya hapo. Za pauni 1,000 waachie waliokwisha kunogewa.

Kitabu cha kutambulia ndege kisubiri. Programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, hutambua ndege kwa sauti, nayo ni bure.

Ningeanza upya leo, ningechukua 8x42 ya mtumba, niende Richmond alfajiri, na Barnes niiweke kwa siku ya mvua. Ila ayala usiwasogelee chini ya mita 50. Ndiyo kanuni ya pale, na darubini umeinunua kwa kazi hiyo.