Mchakamchaka na Mtu Mnene

Wengi wenu mwanifahamu kwa jina la Kimondo. Jina hilo sikupewa kwa heshima. Lile jiwe lililoanguka toka mbinguni, lililoko Ndolezi hapa Mbozi, lakadiriwa kuwa na uzito wa tani 12. Siku nilipohamia shuleni hapa, mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, kijana mmoja alinitazama nikishuka garini na sanduku langu, akasema jiwe limeanguka mara ya pili. Bweni zima lilicheka, nami nilicheka pia, maana mgeni hana budi kucheka. Nilikuwa na kilo 92. Kwetu ni Tunduma, na atokaye Tunduma ajua jinsi chipsi zinavyokaangwa hata usiku wa manane kwa ajili ya madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Zambia. Siwalaumu wakaangaji. Fedha ilikuwa yangu, na mkono ulikuwa wangu.

Mhariri ameniomba nieleze jinsi mtu mnene anavyoweza kustahimili mchakamchaka wa alfajiri pasipo kuzimia wala kutoroka. Nimekubali kwa sababu moja. Mwaka huu wamekuja wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, na wawili watatu kati yao nawaona wakijificha chooni filimbi inapolia. Nami nilijificha choo kile kile, nacho hakina raha yo yote saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, hasa mwezi wa Juni, wakati baridi ya uwanda huu inapouma masikio.

Bweni ni namna ya kambi, na mbele yetu inatungoja kambi kubwa zaidi, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Baadaye sheria iliwataka vijana waliosoma wapitie huko. Mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994, kisha yakarudishwa mwaka 2013. Siku hizi wanaomaliza Kidato cha Sita huitwa makambini, nasi katika Mkoa wa Songwe tunayo kambi ya Itaka. Kaka yangu alipitia hapo. Tangazo lilimtaka aende na bukta ya buluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, ifikayo magotini, na mama alizunguka soko zima la Tunduma akitafuta itakayomtosha, kwa kuwa kaka naye ni wa ukoo wetu. Aliporudi, bukta ile ile ilihitaji kufungwa kwa kamba.

Nilimwuliza siri yake. Alinijibu kwamba kambini mtu hapati nafasi ya kujadiliana na nafsi yake. Nyumbani ukiamka waweza kusema, leo kuna mvua, nitakimbia kesho. Kambini filimbi ikilia umekwisha kusimama kabla hujaamua. Chakula kina saa yake, usingizi una saa yake, na chipsi hakuna. Tena yupo mtu mbele yako na mtu nyuma yako. Majuma ya kwanza kaka hakuthubutu kutazama mlima. Alitazama mgongo wa mwenzake, akahesabu hatua mia moja, kisha akaanza tena kutoka moja.

Lakini nia peke yake haitoshi kama mtu hajui mwili wake unafanya nini. Misuli huendeshwa kwa sukari na mafuta yaliyomo mwilini, na ili ivitumie vizuri yahitaji hewa ya oksijeni inayoletwa na damu. Unapoanza kukimbia, misuli hudai oksijeni mara moja, lakini moyo na mapafu huchukua dakika kadhaa kufikia mahitaji hayo. Ndiyo maana mwanzo wa mbio huwa mchungu. Wengi wetu hukata tamaa papo hapo tukidhani kwamba njia nzima itakuwa hivyo. La, sivyo. Ukivumilia kwa mwendo mdogo, pumzi hukaa sawa, na kukimbia hupungua ukali. Yafaa pia kukumbuka kwamba Tunduma na Vwawa zipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo, na mgeni atokaye pwani asishangae akihema kupita wenyeji.

Mtu mnene ana taabu nyingine juu ya hiyo. Mwenzangu wa kilo 60 akitaka kujua hali niliyokuwa nayo, na ajitwike debe moja na nusu la mahindi kisha aitwe kukimbia. Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia hupokea nguvu iliyo mara mbili au tatu ya uzito wa mwili. Kwa hiyo mnene asirefushe hatua ili awafuate wenye miguu mirefu. Hatua fupi na nyepesi huokoa magoti. Nashukuru kwamba njia yetu hupita kwenye udongo kati ya mashamba ya kahawa, wala haifuati lami ya barabara kuu, ambako mbali na ugumu wake kuna malori.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kulifahamu, nalo lilikuwa masikioni mwangu kila siku. Ni wimbo. Nilidhani twaimba ili kuwaamsha walimu. Kumbe wimbo wa mchakamchaka ni kipimo. Kiongozi huimba, nasi huitikia. Ukiweza kuitikia kiitikio chote bila kukatika, mwili wako unapata oksijeni ya kutosha, na waweza kwenda mbali kwa mwendo huo. Ukibaki kutamka neno moja moja, umefika mpakani mwa nguvu zako. Waweza kukaa hapo muda mfupi, na kwa kweli ni vizuri kufika hapo mara chache kwa juma, maana moyo hupata nguvu kwa kusukumwa kidogo. Sauti ikipotea kabisa, punguza mwendo. Tembea kwa haraka mpaka neno lirudi, kisha ukimbie tena. Usikae chini ghafula, kwa sababu damu hutuama miguuni, na kizunguzungu huja. Tangu nilipoambiwa hayo na mwalimu wetu wa Baiolojia sikujificha chooni tena. Nilikuwa wa mwisho kila siku, lakini nilikuwa wa mwisho ninayeimba.

Kadhalika yapasa kutofautisha maumivu na maumivu. Misuli ikiwaka moto unapopanda kilima, huko ni kuchoka, nako hupungua ukipumzika. Mapaja yakikaza kesho yake na kesho kutwa hata kushuka ngazi ikawa kazi, usiogope: nyuzi ndogo za misuli zimeumia kidogo, nazo hujijenga upya zikiwa imara zaidi. Zamani ilidhaniwa kwamba maumivu hayo ya kesho yake huletwa na asidi iliyobaki misulini, lakini imejulikana kwamba sivyo. Hayo yote huvumilika. Yasiyovumiliwa ni haya: maumivu makali ya mahali pamoja, kama goti au kifundo, kifua kubana, giza machoni, na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi mazito. Hilo la mwisho wachache walijua. Maana yake misuli imevunjika kupita kiasi na mabaki yake yaweza kudhuru figo, na mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Aliye na pumu au ugonjwa wa selimundu na amweleze mwalimu mapema, asione haya.

Kila mtu atakapo kutuhimiza humtaja John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea hata akaingia uwanjani wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amefika zaidi ya saa moja kabla yake. Namheshimu mno mzee huyo. Hata hivyo, yeye alikuwa na siku moja ya kuikimbilia nchi yake, nasi tunakimbia Jumatatu, na Jumanne goti lile lile litahitajika.

Nasema hivyo kwa kuwa nilifanya upumbavu mwenyewe. Katika juma la tatu niliona napungua polepole mno, nikaamua kuacha chakula cha jioni. Usiku nne mfululizo ugali wangu na maharage nilimpa jirani yangu wa meza, naye hakuuliza maswali. Siku ya tano, karibu na shamba la mwisho la kahawa, wimbo ukawa mbali kama unaimbwa ng'ambo ya mto. Nilizinduka nimelala majanini, na Mwalimu wa Zamu ananipepea kwa kofia yake. Zahanatini nilipewa uji wenye sukari, kisha nikapewa maneno. Usiku, wakati tumelala, ini hutoa akiba yake ya sukari kidogo kidogo ili kulisha ubongo. Mimi nilikuwa nimelala na akiba haba, kisha nikaamka kukimbia.

Hesabu yenyewe ilipaswa kunifundisha mapema. Mtu akikimbia kilometa moja hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa uzito niliokuwa nao, kilometa nne zilitumia kalori 370 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Gawanya, utaona kwamba kilo moja yahitaji asubuhi 21, na chapati mbili za mafuta zaweza kufuta kazi ya asubuhi nzima. Basi anayetaka kukonda kwa juma moja anagombana na hesabu. Niliacha kugombana nayo. Nilirudi mezani, nikala ugali wangu, nikaongeza mboga za majani, nikaacha maandazi ya dukani. Mwezi uliopita mizani ya zahanati ilisoma kilo 81. Jina la Kimondo limebaki, nami nimelizoea.

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani nilimkuta baba ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kisukari, na kwamba atembee kila siku. Baba ni mzito kuliko mimi nilivyopata kuwa. Tulianza kutoka pamoja alfajiri kabla malori hayajawasha injini. Sikuweza kumtaka mzee aimbe mchakamchaka mbele ya majirani. Kwa hiyo nilimwomba anisimulie jinsi alivyofungua duka lake. Akaanza vizuri. Tulipofika kwenye mwinuko maneno yakawa mafupi, kisha akanyamaza. Nikapunguza mwendo bila kumweleza sababu. Baada ya hatua kama hamsini aliendelea na hadithi pale pale ilipokatikia. Siku ya tisa alipanda mwinuko wote akisimulia.